Kipande Namba Kumi na Saba

Kwenye kona ambapo barabara ya lami inakutana na njia ya vumbi, pembeni ya saluni ya Kinyozi, kuna kijiwe kinachofunguliwa rasmi saa tisa alasiri na kufungwa kahawa ikiisha. Ukuta wake ulipakwa rangi ya manjano wiki iliyopita na watu wa kampuni ya sabuni, wakamwachia Kinyozi kalenda mbili za shukrani, na tayari hakuna anayekumbuka ulikuwa na rangi gani kabla ya hapo. Viti ni kreti mbili za soda, tairi lililolazwa, kigoda cha Shangazi muuza kahawa, na kiti kirefu cha heshima kilichotandikwa kipande cha kapeti. Hicho cha heshima kina wiki mbili tu. Benchi la zamani lilivunjika siku Breki alipolikalia kwa hasira, na Breki, dereva mstaafu wa malori, hana mwili wa kukalia kitu kwa hasira. Siku ya pili yake kikakutwa kiti kipya mahali palepale, juu ya matofali yaleyale. Kila mtu alielewa kwamba Breki kalipa kosa lake kimyakimya, na kwa adabu hakuna aliyemuuliza, maana kumuuliza kungekuwa kumkumbusha ule mlio.

Alhamisi hiyo aliyekalia kapeti alikuwa Dobi. Dobi hufua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba kimoja nyuma ya soko, na kwa miaka kumi na moja kijiweni hajawahi kuitwa vingine. Leo alikaa kwenye ncha ya kiti, goti moja likicheza lenyewe, kikombe mkononi, macho juu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya tangu adhuhuri, yakisogea taratibu bila haraka yoyote. Nguo za wateja hazikumtia wasiwasi, alikuwa ameshazianua. Kilichomnyima raha ni chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mama yake. Bibi huyo alikuwa akiishi kwa mdogo wa Dobi, na sasa huyo mdogo kahamishwa kikazi, Jumamosi anakabidhi nyumba kwa wenyewe. Dobi na mkewe wanaishi ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nane, amezihesabu mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri, na magoti ya mama yalishagoma zamani hata kwenye ngazi mbili. Kwa hiyo akamwomba mama mwenye nyumba kipande cha bustani ya nyuma, kati ya maua yake na tangi la maji, akaagiza chumba cha mbao cha kuunga mwenyewe. Kilikuja kwenye maboksi matano, na skrubu mia nne, na karatasi ya maelekezo isiyo na neno hata moja, picha tu za jamaa mwenye upara anayeunga nyumba huku anatabasamu. Dobi akaunga mpaka hatua ya kumi na sita. Hatua ya kumi na saba ni boriti ya juu inayobeba paa, nayo huja vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vinakutana katikati. Yeye aliletewa viwili vya kushoto. Akalalamika, wakamwomba radhi, wakaahidi cha kulia ndani ya siku kumi. Sasa ilikuwa wiki ya saba. Kuta zimesimama bila paa, zimefunikwa nailoni, na mama mwenye nyumba ameanza kusimama dirishani akikohoa kwa makusudi.

SHANGAZI: Dobi, kahawa inapoa.

DOBI: Iache ipoe, Shangazi. Hata mimi nimepoa.

KINYOZI (katokeza mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi): Wamepiga?

DOBI: Wamepiga.

BREKI: Wanasemaje?

DOBI: Wanasema nimeshapokea.

BREKI: Umepokea nini?

DOBI: Mzigo. Kipande namba kumi na saba, cha kulia. Mfumo wao unaonyesha ulifikishwa Jumanne ya wiki ya juzi, saa nne asubuhi. Yule dada wa simu alikuwa na furaha kabisa. Akanipongeza.

BREKI: Kakupongeza?

DOBI: "Hongera mteja wetu." Nikamwambia dada yangu, mimi hapa nilipo niko na viwili vya kushoto. Akasema mfumo haujakosea tangu uwekwe.

Hapo Waziri akasafisha koo. Waziri huchunga magari kwenye maegesho ya benki, hufunga tai hata Jumapili, na jina hilo alilipata kwa sababu hajawahi kujibu swali aliloulizwa.

WAZIRI: Mfumo. Mmelisikia hilo neno?

BREKI: Tumelisikia, ndiyo. Sasa?

WAZIRI: Mimi nimelisikia tu. Endeleeni.

KINYOZI: Mimi naona jambo ni rahisi. Mzigo kapewa mtu anayefanana na Dobi.

DOBI: Nani anafanana na mimi?

KINYOZI: Kuna kichwa mtaa wa pili, nakinyoa kila Ijumaa. Kisogo chako kabisa, na lile bonde hapa juu ya sikio. Mara mbili nimekipa salamu za mkeo.

DOBI: Kikasemaje?

KINYOZI: Kikashukuru! Sasa mtu anayepokea salamu za mke wa mwenzake atashindwa kupokea ubao?

Watu wakacheka. Dobi naye alicheka, lakini cheko lake lilifika mdomoni likageuka. Alikuwa anapiga hesabu ya siku. Leo Alhamisi. Kesho Ijumaa, ofisi zao zinafungwa mapema. Keshokutwa mama.

BREKI: Kinyozi, wewe unajua vichwa, barabara niachie mimi. Miaka thelathini na moja nimeendesha lori. Mzigo haupotei. Mzigo unachoka.

KINYOZI: Unachoka vipi?

BREKI: Unashushwa njiani upumzike. Halafu mbao ni kitu cha ajabu, ina moyo. Ukiipitisha kwenye joto kali siku tatu, inapinda. Mimi nawaambieni, hicho kipande kilitoka kiwandani kikiwa cha kulia. Kilipofika katikati ya safari kimeshapinda, kimekuwa cha kushoto. Dereva kakiona, kaona aibu, kakirudisha.

DOBI: Kaka, ubao hauwezi kugeuka upande.

BREKI: Umewahi kusafiri na ubao?

DOBI: Sijawahi.

BREKI: Basi nyamaza, wenye safari tuongee.

Waziri alikuwa amekunja miguu juu ya kreti, anaikoroga kahawa isiyo na sukari kwa kidole kinachozunguka hewani. Ilikuwa dalili kwamba ameiva.

WAZIRI: Niwaulize. Kuna yeyote hapa amewahi kumwona mtu mwenye cha kulia?

Wakatazamana.

WAZIRI: Mnaona. Mimi nasema vya kulia havitengenezwi. Kiwanda kizima kinatoa vya kushoto. Cha kulia kipo kimoja tu duniani, kiko ofisini kwa mkurugenzi, kimetundikwa ukutani kwenye kioo. Siku ya kupiga picha za tangazo kinashushwa, kinapanguswa, kinapigwa picha, kinarudi.

KINYOZI: Na yule mwenye upara kwenye karatasi ya maelekezo?

WAZIRI: Wewe unadhani anachekelea nini? Ndiye mkurugenzi.

Shangazi alicheka mpaka akashika birika lisimwagike. Breki alisema jambo hilo linawezekana kabisa, kwani na yeye amewahi kuona lori zima la viatu vya mguu mmoja. Kila mmoja akawa anamwongezea mwenzake kuni, na Dobi akawa anasikia sauti zao kwa mbali, kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye beseni. Upepo ulipita ukainua vumbi, na harufu yake ilikuwa ya unyevu. Dobi anaujua unyevu, ndio adui wa kazi yake. Alijua pia kwamba ile nailoni haitashika. Maji yakiingia kwenye maungio mbao zitavimba, na zikivimba, hata kipande kikija hakitaingia.

Simu ikalia. Akalitazama jina kwenye kioo, akapangusa mkono kwenye suruali kabla ya kupokea. Kijiwe kizima kikageuka, maana simu hiyo wote wanaijua.

DOBI: Shikamoo mama.

Sauti ya mama ilikuwa ya juu, ya mtu asiyeamini kwamba simu inasafirisha maneno bila kusaidiwa, hivyo wote wakasikia.

MAMA (kwenye simu): Marahaba baba. Nilitaka kukuuliza, lile dirisha linatazama wapi?

DOBI: Linatazama jua la asubuhi, mama.

MAMA: Vizuri. Na mlango una kizingiti?

DOBI: Hauna. Umelingana na ardhi, unaingia kama unatembea.

MAMA: Na paa? Mvua ikinyesha linapiga kelele? Maana la huku kwa mdogo wako usiku silali.

Breki akatazama ndala zake, na Kinyozi akazima mashine.

DOBI: Halipigi kelele, mama. Halipigi hata kidogo.

MAMA: Mungu akubariki. Haya, nakata, hapa kuna kelele za gari.

DOBI: Gari gani? Uko wapi?

Lakini mama alikuwa ameshakata. Huwa hakati simu kwa kuaga, hukata kama anayefunga kabati.

SHANGAZI: Bado hujamwambia.

DOBI: Nitamwambia nini, Shangazi? Wiki mbili na ushei zilizopita aliniuliza kimefikia wapi, ulimi ukateleza, nikasema kimeisha, bado rangi tu. Tangu hapo kila siku ananipigia anakipamba. Ameshapanga kitanda kitakaa wapi. Ameshona pazia. Pazia, Shangazi! La dirisha lisilo na paa juu yake.

Hakuna aliyecheka. Mambo ya mama hata kijiweni yana mpaka.

KINYOZI: Lakini hawa jamaa si walikuwa na namba yako? Mbona hawakupiga kabla ya kufika?

DOBI: Wanasema walipiga. Mara tatu. Haikupatikana.

BREKI: Saa nne asubuhi? Wewe saa hizo si uko macho, uko na pasi yako?

Dobi akaingiza macho kwenye kikombe. Saa nne asubuhi ndiyo saa ya mama kupiga simu, kila siku ya Mungu, baada ya uji. Na siku ile, Jumanne ile, uongo wake ukiwa bado mbichi, Dobi aliizima simu kwa mkono wake mwenyewe akaifukia chini ya mashuka ya mteja. Akasema betri ilikuwa mbovu.

WAZIRI: Na mahali pa kufikisha ulielekeza wapi? Maana mtaa wetu hauna namba.

DOBI: Nilielekeza vizuri. Nikaandika kwa herufi kubwa: kona ya saluni, ukifika muulize mtu yeyote pale kijiweni, wananifahamu.

Breki akaweka mkono kifuani.

BREKI: Uliandika hivyo? Kwamba sisi tunakufahamu?

DOBI: Si mnanifahamu?

BREKI: Sana! Nani asiyekufahamu wewe? Shangazi, mwongezee huyu kahawa, kwa hesabu yangu.

Kwa kitambo kidogo kijiwe kilijisikia kitu. Kuandikwa kwenye karatasi za kampuni kubwa, pamoja na maboksi na skrubu, si jambo la kila siku. Waziri akanyoosha tai. Ndipo simu ya Dobi ikatoa mlio mfupi, ujumbe umeingia, na ndani ya ujumbe picha.

DOBI: Wameleta uthibitisho. Wamepiga picha siku ya kufikisha.

Walimzonga wote, hata mteja wa Kinyozi akatoka na kichwa kilichonyolewa nusu, akatazama, akarudi ndani. Picha yenyewe ilikuwa imetikisika. Ukuta wa kijani. Chini, kwenye kona, ncha ya kitu cheusi kilichosimamishwa ukutani. Upande wa pili, mguu wa mtu umekatwa na picha kwenye kifundo.

KINYOZI: Hiki kijani kibaya sana. Nani anapaka ukuta kijani hiki?

WAZIRI: Hiki ni kijani cha serikali. Zahanati hiyo, au mahabusu.

BREKI: Mahabusu! Kwa hiyo boriti imekamatwa?

WAZIRI: Mimi sijasema imekamatwa. Nimesema rangi.

DOBI: Jamani, nisaidieni. Ukuta huu uko wapi? Nikiujua naukimbilia sasa hivi, kabla ya mvua.

Walitaja kuta zote wanazozifahamu. Ukuta wa shule, ukuta wa mashine ya kusaga, ukuta wa yule fundi cherehani aliyehama. Kwa kila ukuta Dobi alinyanyuka nusu, akaambiwa huo ni wa bluu, akakaa. Kapeti likawa linajikunja chini yake. Shangazi peke yake hakutaja ukuta wowote. Alikuwa ameiweka simu karibu na pua.

SHANGAZI: Hii ndala imefungwa waya.

KINYOZI: Ipi?

SHANGAZI: Ya huu mguu. Mkanda wake umekatika ukafungwa waya mwekundu.

Macho yote yakashuka. Breki akavuta miguu chini ya tairi, lakini Breki si mtu wa kuficha kitu chini ya tairi. Waya mwekundu ulionekana wazi, umepindwa mara mbili, kazi safi ya mtu aliyezoea kurekebisha gari porini.

BREKI: Ndala za waya ziko nyingi.

DOBI: Breki.

BREKI: Mimi nilikuwa sijui hata kama napigwa picha!

DOBI: Breki, kaka yangu. Jumanne ile, saa nne asubuhi, ulikuwa wapi?

BREKI: Hapahapa. Nasubiri Kinyozi afungue, nataka kunyoa ndevu. Hakukuwa na... ah! Ngoja.

WAZIRI: Nini?

BREKI: Kulikuwa na yule jamaa. Wa kofia.

Akasema hivyo na uso ukamng'aa, kwa sababu alikuwa amekumbuka jambo alilolifanya vizuri.

BREKI: Sikuwahi kuwaambieni. Alikuja jamaa na gari, kofia ya kampuni, karatasi mkononi. Hata salamu hajamaliza, ananiuliza: namtafuta fulani bin fulani wa fulani. Majina matatu! Mimi nikajua mara moja.

Wote waliitikia kwa kichwa, maana hilo halihitaji maelezo pale. Ni sheria ya kijiwe tangu enzi. Anayekupenda anakuja na jina lako la kijiweni. Anayekuja na majina matatu amelitoa kwenye faili, na mtu wa faili hajawahi kuleta heri: ni wa mahakama, ni wa shemeji aliyekasirika, ni wa ofisi inayotaka kitu. Mgeni akija na majina matatu, kijiwe hakimjui mtu. Mwaka juzi Kinyozi aliokolewa hivyohivyo, na aliyemwokoa ni Dobi, ambaye aliapa mbele ya watu wawili wenye mikoba kwamba saluni hiyo haina mwenyewe.

BREKI: Nikamwambia hapa hakuna mtu kama huyo. Akasema lakini nimeelekezwa hapa. Nikamwambia umeelekezwa vibaya, mimi nakaa hapa miaka yote, jina hilo ndiyo kwanza nalisikia leo. Akasisitiza! Nikamwapia. Kinyozi akafungua, mimi nikaingia ndani kunyolewa. Nilipotoka gari halipo.

WAZIRI: Ulifanya vizuri sana.

KINYOZI: Ulifanya kiume.

Dobi alikuwa amesimama. Mikono yake, laini kwa sabuni ya miaka mingi, ilikuwa inatafuta mahali pa kushika.

DOBI: Majina gani, Breki?

BREKI: Nitakumbuka wapi? Si jina la mtu ninayemfahamu.

DOBI: Mimi naitwa nani?

BREKI: Wewe? Dobi.

DOBI: La kwenye cheti. Lile nililoandika kwenye fomu ya kuagizia.

Breki akafungua mdomo. Akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Waziri, na Waziri, kwa mara ya kwanza kijiwe kikishuhudia, alikuwa anatafuta jibu kwa bidii na hana. Dobi naye alitaka kukasirika. Alitaka kuwauliza ni watu gani hawa, miaka kumi na moja, msiba wa baba yake walikuja wote wakabeba jeneza, hawajui hata jina. Lakini alipomtazama Breki, jasho likimtoka puani, akagundua kwamba na yeye, hata aambiwe nini, hajui Breki anaitwa nani. Hasira ikakosa pa kushika, ikabaki hofu tupu.

DOBI: Kwa hiyo kaondoka nao. Alikuja mpaka hapa, akaondoka nao.

KINYOZI: Lakini wao wanasema waliuacha.

DOBI: Watasema nini kingine? Jumamosi, Kinyozi. Jumamosi! Nitamweka wapi mama yangu?

Tone moja kubwa likaanguka kwenye vumbi, likaacha shimo la ukubwa wa kifungo. Halikufuatiwa na la pili. Shangazi akalifunika birika kwa kitambaa.

Pikapu ikasimama. Nyuma ilikuwa na godoro, ndoo tatu zilizopachikana, na kabati lililofungwa kamba. Mlango wa mbele ukafunguka, ikashuka kwanza fimbo, kisha kanga, kisha bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Dereva alimshika kiwiko, yeye akamwondoa mkono.

MAMA: Hamjambo wanangu?

Kijiwe kikainuka chote, shikamoo zikagongana.

MAMA: Marahaba, marahaba. Baba, mbona umenitolea macho? Mdogo wako kapata gari leo. Nikasema nisubiri Jumamosi ya nini, na chumba kiko tayari?

DOBI: Mama... chumba...

MAMA: Ngoja nikae kwanza. Magoti yananiwaka. Hayo ya chumba utaniambia nikiwa nimekaa.

Kinyozi, kwa heshima zote, akamwonyesha kiti kirefu, kile cha kapeti. Mama akakitazama. Yeye ni mama wa dobi, na hajawahi maishani mwake kukalia kitu bila kukikung'uta. Akaegemeza fimbo ukutani, akakamata kapeti kwa ncha mbili, akalivuta lote, akalipiga kofi moja. Vumbi likaruka.

Chini ya kapeti kulikuwa na mzigo mrefu, bapa, uliozungushiwa nailoni nyeusi na utepe wa kahawia, umelazwa juu ya matofali. Katikati yake karatasi nyeupe imebandikwa, imesuguliwa na suruali za wiki mbili, lakini inasomeka.

BREKI (kwa sauti ndogo): Mimi nilidhani hiki ni cha Kinyozi. Kile kibao chake cha zamani.

KINYOZI: Mimi nilikikuta kimesimama hapo ukutani jioni, nikajua umekileta wewe, kwa ajili ya lile benchi. Nikakilaza. Sikutaka kukuaibisha kwa kukuuliza.

Mama hakuwasikiliza. Alikuwa ameshapandisha miwani, kidole kwenye karatasi, anasoma kwa sauti kama asomavyo barua. Akasoma jina la kwanza, alilompa mwanawe yeye mwenyewe siku ya tatu baada ya kumzaa. Akasoma la pili, la marehemu mumewe, na hapo sauti ikashuka kidogo. Akasoma la tatu, la baba mkwe. Lilikuwa jina zuri, refu, na Breki alilisikia akafumba macho.

MAMA: Si wewe huyu?

DOBI: Ni mimi, mama.

Kidole kikateremka mstari wa chini, pole pole, chini ya herufi kubwa.

MAMA: "Kona ya saluni. Ukifika, muulize mtu yeyote pale kijiweni. Wananifahamu."

Akavua miwani. Akawatazama mmoja mmoja, Breki, Kinyozi, Waziri, Shangazi, bila hasira yoyote, mgeni anayetaka tu kuelewa mahali alipofika.

MAMA: Sasa wanangu, siku hiyo hapa hapakuwa na mtu?

Shangazi akalishika birika ammiminie yeyote chochote, likatoa machicha. Breki akainama, akashika ncha moja ya mzigo, akabaki ameinama hivyo bila kuunyanyua. Tone la pili likaanguka, na la tatu. Mama alikuwa bado amesimama, kapeti mkononi, anasubiri kujibiwa.